Ehee ya Dirishani

Juzi nilikwenda Mahurunga kwenye harusi ya binamu yangu. Baada ya kula, nikiwa chini ya turubai nasubiri bodaboda inirudishe mjini, akaja kukaa karibu yangu mwalimu mmoja kijana, mgeni wa kule, mwenye adabu zake. Tukaongea habari za barabara na mvua, kisha akashusha sauti kama anayetoa pole ya msiba. "Dada, watoto wa huku wana shida kubwa ya kutunga sentensi. Matamshi ndiyo usiseme. Nadhani ni mazingira ya nyumbani."

Mazingira ya nyumbani! Wakwe walikuwa wamejaa pale, shehe hajaondoka, si mahali pa mtu mzima kuanza kupayuka, basi nikameza. Lakini wewe tunajuana. Mimi nikimeza jambo halishuki, linakaa hapa kifuani linanichoma, na dawa yake ni kulisema. Kaa vizuri nikusimulie hayo mazingira ya nyumbani yalikuwaje, halafu utaniambia nani alikuwa na shida.

Sisi asili yetu ni ng'ambo ya Ruvuma. Bibi yangu mzaa baba alivuka mto wakati wa vita, baba akiwa mgongoni, akapokelewa Mahurunga, akapewa kipande cha ardhi, akapanda mikorosho na mihogo. Nyumbani tulisema Kimakonde. Kiswahili Bibi alikikuta ukubwani, akawa nacho kama mtu mwenye jembe la kuazima: analilimia vizuri, analisafisha, ila hasahau kuwa si lake. Mtoto kwake alikuwa ntoto, barabara ilikuwa balabala, na sijasikia mtu aliyepotea njia kwa sababu hiyo.

Ungefika kwetu msimu wa korosho ungependa. Alfajiri tunaingia chini ya mikorosho na ndoo zetu, umande unatulowesha miguu, tunaokota na kutenga korosho na mabibo yake. Mabibo yaliyolala yameshaanza kuchacha, harufu yake inapanda puani, nyuki wamejaa. Tulikuwa tunayanyonya mpaka koo linakwaruza, na vifua vya magauni yetu vilikuwa na madoa ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyatoa. Miezi ya kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, baba alirudi nyumbani wa njano mpaka kope. Na msimu wa ming'oko, ile mizizi ya porini inayochimbwa kwa jasho, chungu kilitokota tangu asubuhi, na Bibi akiniona nazungukazunguka jikoni ananitania, "Mke mwenzangu, njaa hiyo umeitoa kwenu au umeikuta hapa?"

Kazi yangu hasa, lakini, ilikuwa kupeleka neno. Siku hizi mtoto anatumwa kama anafukuzwa: kimbia kamwambie fulani hivi. Kwetu ilikuwa kazi yenye heshima zake. Bibi ananiita, ananisimamisha mbele yake, ananipa neno lote, kisha nalirudia lote. Nikifika ninakotumwa napiga magoti, nasalimia, nasema, "Nimetumwa." Yule niliyetumwa kwake anaacha anachofanya. Nasema sentensi ya kwanza, nafika kituo, nanyamaza. Yeye anaitikia, "Ehee." Hapo ndipo nina ruhusa ya kusema ya pili. Bila ehee hakuna kuendelea. Kuendelea bila kuitikiwa ulikuwa utovu wa adabu, maana ni kumrundikia mtu mzigo kabla hajaupokea ule wa kwanza.

Niliyetumwa kwake mara nyingi alikuwa jirani yetu, bibi mmoja mfinyanzi wa vyungu. Wallahi sijaona mwalimu mkali kama yule. Nikisema, "Bibi anakusalimu," anaitikia. Nikisema, "Anasema kuku wake mweupe amelalia kwako," anaitikia. "Anasema usimfukuze, mwache atotoe huko huko." Ehee. Lakini nikianza, "Bibi anasema yule kuku…" halafu nikaanza kutazama nzi, mwanamke haitikii. Anarudi kwenye udongo wake, anaupiga kwa kiganja, pa, pa, pa, kama sipo. Nitakaa na magoti yangu mchangani mpaka niliunge lile neno likamilike. Mjukuu wake, aliyenizidi umri kidogo, alikuwa pembeni anaponda udongo, ananichekea kwa macho tu. Kesho yake yeye anatumwa kwetu, na mimi namchekea yeye.

Sasa niambie, mtoto aliyekulia hapo hajui sentensi? Anajua mpaka inapoishia. Anajua kwamba lazima iwe na mtu wa kuipokea.

Haya, tukaanza shule. Darasa la pili akaja Mwalimu, dada mmoja kutoka mikoa ya bara huko mbali, mwembamba, viatu vyake safi siku zote katika ule mchanga wetu, sijui alifanyaje. Nimsifie kwanza kabla sijamsema: alikuwa hachoki. Walimu wengine walikuwa wanatuona kama mvua, wanasubiri tupite. Yeye alitaka tuseme Kiswahili sanifu, na alikuwa radhi kukonda kwa ajili hiyo. Alikuja na kioo kidogo, kila mtoto ajitazame ulimi unakwenda wapi. Alituwekea kipande cha karatasi mbele ya midomo, ukisema "pa" kipepee, ukisema "ba" kitulie. Kwa "dhahabu" na "thelathini" tulitoa ndimi nje kama mbuzi waliokimbizwa. Na kwa "gh" alitusukutulisha maji kooni, darasa zima linalaza vichwa nyuma, gh, gh, gh. Kisima kilikuwa mbali na jua kali, tukawa tunayameza yale maji, Mwalimu anapiga meza, "Nimesema sukutua, sikusema kunywa!" Tulimpenda kwa hilo, nisikudanganye.

Ila r ilitushinda. Alituchezesha ndimi mpaka mate yakatoka, tukitoka nje tunasema balabala. Mwalimu akawa anakaza uso. Alitupanga madawati upya: mbele mtoto wa mwenye duka na watoto wa mganga wa zahanati, waliozaliwa mjini, nyuma sisi. Dawati la mwisho kabisa tulikaa mimi na yule mjukuu wa mfinyanzi. Mwenzangu alikuwa mrefu kuliko darasa zima kwa sababu alishawahi kurudishwa darasa, na akikaa magoti yake yalikuwa yanagonga ubao wa dawati.

Basi kukaja kikapu. Mwalimu alikuwa na kikapu cha ukindu chenye vitu vya nyumbani: kata, ungo, mwiko, kipande cha chungu, kibuyu. Unaitwa mbele peke yako, unachomoa kitu, unakitungia sentensi moja baada ya nyingine. Wengine wote kidole mdomoni, kimya, asisikike hata mtu kukohoa. Ndivyo alivyofundishwa chuoni kwao, nadhani, kwamba mtoto anayesema aachiwe nafasi.

Siku ya kwanza kuitwa nilichomoa ungo. Nilifurahi, maana ungo naujua. Nikasema, "Huu ni ungo wa kupepetea mpunga." Nikafika kituo, nikanyamaza.

Kimya. Watoto wote vidole midomoni wananitazama. Nikangoja. Mwalimu akasema, "Endelea." Niendelee vipi? Hakuna aliyeitikia. Nilimtazama Mwalimu, yeye ndiye mkubwa, nikidhani yeye ndiye atakayepokea, naye ananitazama. Jasho likaanza kunitoka mgongoni. Nikadhani nimesema vibaya, nikairudia ile ile kwa sauti, "Huu ni ungo wa kupepetea mpunga." Kimya. Watoto wa mbele wakaanza kucheka ndani ya pua. Mwalimu akanichukua ungo mkononi, akasema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko fimbo, "Kaa, mama. Bado huna sentensi."

Akaja mwenzangu, vile vile. Sentensi moja, kituo, anangoja. Wakaja wengine wa nyuma, vile vile. Watoto wa duka na zahanati walikuwa wanamimina tu, sentensi juu ya sentensi, hawangoji mtu, na sisi tuliona hawana adabu. Mwalimu akatupa jina: wa sentensi moja. "Wa sentensi moja, kafagieni uwanja." Siku hizi nikimfikiria sioni ubaya wa moyo wake. Aliuliza ulimi una nini, akauliza akili ina nini. Kuuliza tunangoja nini halikumjia, na sisi hatukujua kuwa kuna la kuelezwa, tulidhani dunia nzima inaitikia.

Mwisho wa mwaka ukakaribia. Mwalimu akatangaza kwamba atakuja mgeni kutoka ofisi ya elimu, na kila mmoja atasimama na kikapu mbele yake. Wa sentensi moja hawavuki kwenda la tatu. Jioni baba alikuwa anakula, akaulizwa na mama itakuwaje nikishindwa, akajibu bila kuinua macho kwenye sahani. "Akirudishwa darasa shule basi. Atakwenda ng'ambo kwa shangazi yake akamlelee mtoto. Siwezi kusomesha darasa moja mara mbili." Shangazi alikuwa ameshaniomba tangu mavuno. Baba hakuwa mkatili, watoto tulikuwa wengi na yeye alikuwa mmoja. Lakini mimi nilikuwa napenda shule, rafiki yangu. Nilikuwa napenda hata harufu ya chaki. Usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi nilimweleza Bibi wakati tunamenya muhogo. Aliitikia kila sentensi mpaka nikafika pale pa ungo. Hapo akaacha kisu.

"Na hao waliokaa walikuwa wanafanya nini?"

"Vidole midomoni, Bibi."

"Nani alikuwa anakuitikia?"

"Hakuna."

Bibi alikasirika nikaogopa. "Ntu akisema na hakuna wa kumwitikia, huyo anaota," akasema. "Mwalimu wenu anawafundisha kuota!" Kisha akanituma kwa jirani mfinyanzi na neno refu, na neno lenyewe lilikuwa hilo hilo la shuleni. Mfinyanzi akalipokea lote, ehee baada ya ehee, na mjukuu wake akiwa pale anasikia. Hakuna mzee aliyekwenda shule kugomba. Wazee wa wakati ule walikuwa wanaogopa shule kuliko wanavyoogopa viboko wa mtoni. Lakini mimi na mwenzangu tulitazamana juu ya ule udongo, na hatukuhitaji kupanga maneno.

Siku ikafika. Mgeni alikuwa mzee mwenye miwani na shati jeupe, amekaa kwenye kiti cha Mwalimu Mkuu, anajipepea kwa daftari. Mwalimu alivaa gauni jipya, maana na yeye alikuwa anapimwa. Watoto wa mbele wakapita, wakamimina, wakapigiwa makofi. Nikaitwa mimi. Nikachomoa kata.

"Hii ni kata ya kuchotea maji." Kituo. Kimya. Halafu kutoka dawati la mwisho, kwa sauti nzito ya mtu mzima kabisa:

"Ehee."

Mwalimu akageuka kama aliyeumwa na siafu. Mimi nilishapewa ruhusa, sikungoja kingine. "Bibi yangu aliikwangua mwenyewe kutoka kwenye kifuu cha nazi." "Ehee." "Mpini wake uliliwa na mchwa, baba akaweka mwingine." Fimbo ikagonga dawati la mwisho, kah! "Ehee," akasema mwenzangu. "Maji ya mtungini yakichotwa kwa kata hii yananukia moshi." Fimbo ikamshukia begani, nikaiona. "Ehee." Nikaendelea. Nilisema habari za mtungi, za kisima, za foleni ya kisimani, za mwanamke aliyegombana na mwenzake mpaka ndoo zikamwagika. Mgeni aliacha kujipepea. Sentensi zilikuwa zinatoka zenyewe zimepanga mstari, na zote zilikuwa na vichwa na miguu yake. Nilipomaliza mgeni akacheka, akasema, "Huyu apite. Ulimi utanyooka mbele ya safari."

Nikarudi kukaa. Nilikuwa nimevuka! Shangazi amlee mtoto wake mwenyewe. Nilimbana mwenzangu mkono chini ya dawati, bega lake lilikuwa limeanza kuvimba.

Mwalimu akasimama mbele. Alikuwa amefedheheka, machozi yanamlenga, na mtu aliyefedheheka mbele ya mkubwa wake hasikii la mtu. "Atakayefungua mdomo mwenzake akiwa mbele," akasema, "huyo havuki. Hata kama ameshapita, nitamrudisha." Kisha akaita jina la mwenzangu.

Aliondoka dawatini taratibu, ule urefu wake wote ukaonekana. Akachomoa kipande cha chungu. Kipande cha chungu, mjukuu wa mfinyanzi! Mtoto yule angeweza kusema tangu udongo unapochimbwa mpaka chungu kinapotoka motoni. Akasema, "Hiki ni kigae cha chungu cha kupikia." Kituo. Akanyamaza. Akainua macho, akanitafuta mimi.

Sikiliza. Nilikuwa na miaka michache tu na nilijua kila kitu. Nilimwona baba na sahani yake, nikaona mtumbwi wa kuvukia ng'ambo, nikamwona mtoto wa shangazi mgongoni mwangu. Mwalimu alikuwa ananitazama mimi hasa, na fimbo yake. Mgeni ameshaanza kuandika. Na mwenzangu amesimama pale na neno lake mkononi hakuna wa kumtua.

Nikasema, "Ehee."

Nilitolewa nje kwa sikio. Mlango ukafungwa kwa nguvu. Lakini shule yetu ile, Mungu aibariki, madirisha yake yalikuwa matundu tu ya ukuta, hayana kioo wala chuma. Nikazunguka nyuma ya darasa, nikapanda juu ya tofali lililovunjika, nikaweka kidevu changu dirishani. Mwenzangu akaniona, akavuta pumzi. "Chungu hiki bibi alikifinyanga wakati wa masika." Nikaitikia dirishani, "Ehee!" "Udongo wa masika unashikana vizuri." "Ehee!" Mwalimu akaja dirishani, nikahamia dirisha la pili. Akasema mpaka mwisho, rafiki yangu, akachimba udongo, akaupepeta, akaufinyanga, akauanika, akauchoma, na mimi nikaupokea wote, nimesimama juani, sikio linawaka moto. Ndani nikawasikia wengine wa nyuma wanacheka, safari hii kicheko cha kushangilia.

Mwenzangu alivuka. Mgeni hakuwa na jinsi, alimsikia kwa masikio yake. Mimi nikarudishwa darasa la pili. Mwalimu aliahidi na alitimiza, na sikumlilia. Watu wameniuliza kama nilijuta. Thubutu! Ningerudia kesho.

Ila kulikuwa na baba. Nilifika nyumbani nikamkuta amekaa kwenye kigoda uani, anafunga magunia ya korosho. Bibi alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Nikaenda mbele ya baba nikapiga magoti, kama natumwa, ingawa safari hii sikuwa nimetumwa na mtu. Nikasema, "Baba, nina neno." Akanitazama. Nikasema, "Leo nilipita mtihani wa Mwalimu."

Nikanyamaza.

Baba alijua mara moja ninachofanya. Alikulia katika kuitikia, mama yake ndiye yule pale anachekecha. Na alijua kanuni yake, ambayo Bibi alikuwa haachi kutuambia: aliyeitikia amejitwisha. Ukipokea neno la kwanza utapokea na la mwisho, na huwezi kusema hukusikia. Basi hakuitikia. Akafunga gunia lake. Akalifunga lingine. Magoti yangu yalianza kuwaka, kuku wakanizunguka wakidhani nina chochote. Nikamtazama Bibi aniokoe, Bibi akaendelea kuchekecha, akasema tu, "Hilo neno si langu." Mama akatoka jikoni akatuona, akarudi ndani. Shuleni kimya kile kile kilinishinda, kilinitoa jasho. Pale uani nilisema moyoni, leo tutaona nani atachoka. Sikuinuka. Ng'o!

Jua lilikuwa linaingia kwenye mikorosho wakati baba aliposhusha kamba, akapumua kwa nguvu puani, akasema kwa shida kama mtu anayeng'olewa jino:

"Ehee."

"Kisha nikamwitikia mwenzangu, nikarudishwa darasa."

"Ehee."

"Angebaki yeye, angebaki mara ya pili."

"Ehee."

"Ng'ambo sitaki kwenda."

Akainamisha kichwa. "Ehee."

"Nataka kurudi darasa la pili, nilisome tena, nivuke."

Hapo alikaa, na mimi nikakaa. Nilikuwa nimemaliza maneno yote niliyokuwa nayo duniani. Akaniangalia yale magoti, akaangalia sikio langu lililovimba. "Ehee," akasema, na sauti yake ilikuwa nyingine. Akainuka kwenda kunawa. Shangazi alipata binti mwingine wa kumlelea mtoto wake, na jambo la ng'ambo halikutajwa tena katika nyumba ile.

Mwaka uliofuata nilikuwa mkubwa wa darasa, magoti yangu mimi ndiyo yanagonga ubao. Mwalimu hakuniomba radhi na sikumwomba. Lakini niliposimama na kikapu, kila nilipofika kituo nilimwona anatikisa kichwa kidogo, mara moja, kama mtu anayefukuza nzi. Kutikisa kichwa si kuitikia. Nilipokea hivyo hivyo, nikaendelea, nikavuka.

Leo mfinyanzi hayupo, Bibi hayupo, na baba anazeeka mbele ya televisheni. Vyungu vimekuwa sufuria. Darasa letu limevunjwa, limejengwa jipya la bati la rangi, madirisha yana nondo na vioo, na ni jambo jema, mvua haiwanyeshei watoto. Wanakuja wataalamu na kadi za picha kuwafundisha watoto kuongea, na picha ni nzuri. Kinachoniuma ni kwamba hakuna anayetumwa neno tena. Watu wazima tunatumiana vijumbe vya sauti, mtu anamwaga maneno yake yote kwa mkupuo, hajui kama yamefika kwa mtu au yamefika kwenye simu. Unaona vialama viwili vya bluu. Amesikia. Ameitikia? Aa wapi! Siku hizi mtu anaweza kukuambia mama yake amefariki, na ukamjibu kwa kakidole kalikonyooshwa juu.

Yule mwenzangu wa dawati anauza vitenge, anavuka na kurudi ng'ambo. Akinipigia simu tunaongea kama zamani, sentensi kwa sentensi, kila mmoja anapokea ya mwenzake, na salio linaisha tukiwa bado kwenye salamu. Wengine wanatucheka. Wacheke.

Mimi nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini hapa Mtwara, na kutwa nzima niko kwenye simu na watu wa Dar. Nawaeleza kontena liko wapi, lori limekwama wapi, na balabala ikinitoka inatoka, sijioni haya. Wanacheka, "Dada wa kusini huyo!" Ndiyo, wa kusini. Nasema sentensi yangu mpaka mwisho, nafika kituo, nanyamaza. Upande wa pili wanaanza kuhangaika: "Haloo? Haloo, dada? Umekatika?"

Sijakatika. Neno nimelisema, nangoja uitikie.